Ukishtakiwa Tribinali ya Biashara Lubumbashi huku mkataba unataka usuluhishi

Mkataba wenu unasema ugomvi wowote utaamuliwa kwa usuluhishi, ule ambao maavoka (mawakili) wa hapa huuita arbitraji, yaani ugomvi kuamuliwa na msuluhishi badala ya hakimu. Mwenzako hakujali. Wisye, yaani mpeleka hati wa mahakama, amekuletea hati ya kukuita Tribinali (mahakama) ya Biashara ya Lubumbashi. Kesi hiyo inaweza kuzuiwa, lakini lazima wewe mwenyewe uombe. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, kwa hiyo sheria ya kushika ni Sheria ya Pamoja ya OHADA kuhusu usuluhishi, ile iliyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 15 Machi 2018. Kifungu chake cha 13 ndicho kinachokuhusu.

Kifungu hicho kinamkataza hakimu kujiondoa katika kesi kwa hiari yake. Hata akikisoma kipengele cha usuluhishi kwa macho yake, asipoombwa ataendelea kuhukumu. Mtu asiyefika kikaoni kwa kuamini kwamba mkataba utamtetea huhukumiwa bila kuwepo, na hakuna aliyevunja sheria. Kati ya hati ya wito na kikao cha kwanza, utaratibu wa kawaida unakupa siku 8 kamili. Zitumie.

Anza na kipengele chenyewe, neno kwa neno. “Ugomvi wote utaamuliwa kwa usuluhishi” kinafunga pande zote. “Pande zinaweza kwenda kwa msuluhishi” ni dhaifu, kwa sababu mpinzani atasema ni hiari na huenda akasikilizwa. Kibaya zaidi ni kile kinachotaja usuluhishi mstari mmoja na tribinali za Lubumbashi mstari unaofuata, jambo linalotokea pale mkataba ulipoungwa kutoka mikataba miwili. Ikiwa kipengele hakimo kwenye karatasi mliyosaini bali kwenye masharti ya jumla ambayo mkataba unayataja, bado kina nguvu, mradi uweze kuthibitisha kwamba mkataba uliyarejelea. Na mwenzako akidai kwamba mkataba mzima ni batili, kifungu cha 4 kinamjibu: kipengele cha usuluhishi husimama chenyewe, hata mkataba ukianguka.

Halafu angalia kama usuluhishi umeshaanza. Ukiwa umeanza, tribinali inapaswa kujitangaza haina mamlaka mara unapoomba. Ukiwa bado, itafanya vilevile, isipokuwa kipengele kiwe batili waziwazi au kisihusu kabisa ugomvi uliopo. Hakimu anatakiwa aione kasoro kwa kusoma tu. Akihitaji mashahidi na mabishano marefu, kazi hiyo ni ya wasuluhishi. Kwa hiyo, kama na wewe una dai dhidi ya mwenzako, peleka ombi la usuluhishi kabla ya kikao, kisha ambatanisha uthibitisho kwamba limepokelewa. Utakuwa umesimama pazuri zaidi.

Maandishi ya pingamizi yawe mafupi. Nakili kipengele chote, taja kifungu cha 13, eleza kwa mistari michache kwamba deni linalodaiwa linatoka katika mkataba huohuo, kisha omba tribinali ijitangaze haina mamlaka. Usiombe iwapeleke kwa wasuluhishi. Sheria ya OHADA haimpi hakimu kazi hiyo. Ambatanisha mkataba pamoja na hati inayoonyesha nani ana haki ya kusema kwa niaba ya kampuni yako. Mkataba ukiwa kwa Kichina au Kiingereza, leta tafsiri ya Kifaransa ya mtafsiri aliyeapishwa, la sivyo kikao cha kwanza kitaishia kwenye ubishi wa lugha.

Pingamizi hili hupotea hasa kwa sababu ya mpangilio. Liwe neno la kwanza. Ukianza kueleza kwamba mzigo ulifika ukiwa na kasoro, au ukaleta dai la kujibu, au ukaita mtu wa tatu akudhamini, umeshajibu kesi yenyewe, na mpinzani atasema umekubali tribinali ihukumu. Kuomba kikao kisogezwe ili usome faili si kujibu kesi, lakini kwenye ombi hilo andika kwamba unahifadhi pingamizi lako. Hakimu akikulazimisha kutoa hoja zote kwa pamoja, pingamizi libaki juu, na hoja za deni zifuate kwa nafasi ya pili tu, iwapo pingamizi litakataliwa.

Tribinali ina siku 15 zisizozidi kuamua. Zikikaribia kwisha kimya, avoka wako aandike ukumbusho na kuuweka kwenye faili. Uamuzi huo haukatiwi rufaa kwenye Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi. Anayekimbilia huko anapoteza muda ambao hatarudishiwa. Njia pekee ni Mahakama ya Pamoja ya OHADA huko Abidjan, ndani ya miezi 2 tangu kukabidhiwa uamuzi rasmi, na ni lazima kupitia avoka.

Pingamizi likishinda, madai hayafi. Mwenzako anaweza kuanza usuluhishi kesho yake, na gharama za wasuluhishi huombwa mapema. Kwa deni dogo, kwenda kusuluhishwa Abidjan au Paris kunaweza kula zaidi ya deni lenyewe. Hapo ni busara kukubaliana kwa maandishi kuacha kipengele, au kumchagua msuluhishi mmoja aliye hapa Katanga.

Kipengele hakizuii kila kitu. Kukiwa na dharura iliyothibitishwa, hakimu bado anaweza kuamuru hatua za muda, kama kushikilia malori yasivuke mpaka, mradi asiguse kiini cha ugomvi. Wala hakizuii malalamiko ya jinai kwa mwendesha mashtaka.

Ukishtakiwa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Zambia, sheria ni nyingine. Sheria yao ya usuluhishi ya mwaka 2000, kifungu cha 10, inamtaka hakimu kusimamisha kesi na kuzielekeza pande kwenye usuluhishi, na ombi linaweza kuletwa katika hatua yoyote. Avoka wa Lubumbashi akizoea nafasi hiyo ya Zambia, akaja nayo hapa, atachelewa.