Kurahisisha kipeuo cha pili chenye herufi: tuanze na ploti ya hamsini kwa mia

Hapa Nakuru, fundi akishapima pande za ploti ya futi 50 kwa 100 huvuta kamba kutoka pembe hadi pembe. Mishazari yote miwili ikilingana, kona zimenyooka. Upana ukiwa x, urefu ni 2x, na mshazari ni √(x² + 4x²), yaani √(5x²). Tutaurudia.

Tujifunze kwanza na √(72x⁵).

Hatua ya 1: vunja namba. Tafuta mraba mkubwa kabisa unaoigawa 72 bila baki: 72 = 36 × 2. Wengi huchukua 9 × 8 wakaishia 3√8. Hawajakosea, ila kazi haijaisha, maana ndani ya 8 bado mna 4.

Hatua ya 2: vunja herufi kwa kipeo shufwa: x⁵ = x⁴ × x. Nusu ya 4 ni 2, kwa hiyo x² inatoka nje na x moja inabaki ndani.

Hatua ya 3: unganisha. Jibu ni 6x²√(2x).

Tafadhali hakikisha kila mara. Weka x = 2: √(72 × 32) = √2304 = 48. Upande wa pili, 6 × 4 × √4 = 48.

Kwa ploti yetu, √(5x²) = x√5. Upana wa futi 50 unatoa mshazari wa futi 111.8 hivi.

MASWALI

Kondele, Kisumu: Mwalimu, kwa nini √(x² + 4x²) isiwe x + 2x, yaani 3x?

Jibu: 3x ni futi 150, mwendo wa mtu aliyepitia ukingoni na kuzunguka kona. Aliyekata katikati ya ploti atatembeaje sawa na huyo? Kipeuo hugawanyika kwenye kuzidisha na kugawanya, kamwe si kwenye kujumlisha.

Kakamega: Mbona kitabu cha mtoto wangu kinasema √(x²) = |x|?

Jibu: Kitabu kiko sahihi. Ploti haina upana hasi, ndiyo maana niliandika x tu. Lakini x ikiwa −3, x² ni 9, na √9 ni 3, si −3. Vijiti hivyo viwili vinalinda jibu lisiwe hasi. √(x⁴) haivihitaji, kwa kuwa x² haiwi hasi. √(x⁶) inavihitaji: |x³|.

Njoro: Na 3√(2x) + 5√(8x)? Ndani hazifanani.

Jibu: Rahisisha kwanza. √(8x) = 2√(2x), hivyo 3√(2x) + 10√(2x) = 13√(2x). Sasa jaribu √(50x³) − x√(2x), x ikiwa chanya.

Njoro: Nimepata 4x√(2x).

Jibu: Ndiyo hiyo hasa.