Kuufikia mtungi wa gesi unaowaka kwa ngao ya ukungu wa maji

Juzi nilimsaidia mwenzangu kuandaa zoezi la moto wa gesi kwa wazimamoto wa kiwanda. Hatua hizi ni za watu waliofunzwa na waliovaa mavazi kamili. Moto ukiwa jikoni kwako, toka nje na, ukiwa Tanzania, piga 114.

Hatua ya 1. Simameni upande unakotoka upepo.

Hatua ya 2. Fungueni maji kabla ya kusogea, kisha zungusheni pete ya nozeli (kichwa cha mpira kinachorusha maji) mpaka ukungu uwe koni pana inayowafunika wote. Hapa niliwahi kupoteza saa tatu. Koni ilikuwa na pengo upande wa chini, joto likapenya na kumchoma mwanafunzi magotini. Nikabadilisha mpira wa maji, nikaikagua pampu, kumbe punje za mchanga zilikuwa zimenasa kwenye meno ya nozeli. Tangu siku hiyo huitazama koni kwa ubavu, jua likiwa nyuma yake, kabla ya gesi kuwashwa. Koni ikiwa pana mno, huvuta hewa kutoka nyuma na moto unaweza kuwazunguka. Ikiwa nyembamba mno, inaweza kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka, nayo gesi ya kupikia, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi mitaroni ikingoja cheche. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 2,260, na matone madogo hugeuka upesi zaidi, lakini yakiwa madogo kupita kiasi upepo huyapeperusha. Kwa hiyo nje napendelea nozeli ya kawaida ya zimamoto, na mitambo ya ukungu laini kabisa naiachia vyumba vilivyofungwa.

Hatua ya 3. Pozeni mtungi, hasa sehemu ya juu, kwa sababu chuma kisichoguswa na gesi ya kimiminika ndicho hulegea kwanza. Mlio wa vali ya usalama, inayotoa gesi shinikizo likizidi ndani ya mtungi, ukizidi kupanda, rudini mara moja.

Hatua ya 4. Sogeeni kwa kukokota miguu, bega kwa bega, mpaka aliye katikati aifikie vali na kuifunga. Moto ufe kwa kukosa gesi. Vali ikigoma, rudini kinyumenyume bila kuushusha ukungu, mkauache moto uwake huku mkiupoza mtungi kwa mbali.

Hatua ya 5. Endeleeni kuumwagia mtungi maji mpaka yabaki juu ya chuma bila kukauka.