Kulala siku tatu Mikindani: anza na kalenda ya mwezi

Mgeni anayeondoka Mikindani bila kuiona ni yule anayetoka Mtwara mjini baada ya chakula cha mchana. Anafika kwenye jua kali, maji yamekupwa, ghuba yote ni tope na mizizi ya mikoko, baraza ziko tupu kwa sababu wenyewe wamejipumzisha. Anapiga picha mbili za Boma, ngome ya zamani ya Wajerumani, na kurudi. Mji huu wa kilomita kama 11 kabla ya Mtwara ukitokea Lindi unataka ulale, tena siku tatu. Na kabla ya kuulizia basi au chumba, tazama mwezi.

Maji kwanza

Pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, huwa bamvu. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika mita tatu na zaidi. Tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo.

Siku za bamvu zina ratiba inayomfaa mgeni kabisa. Maji hupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Asubuhi unatembea mji na kuwaona wavuvi wa pweza wakielekea mwambani, jioni ghuba imejaa na unaweza kuoga au kupanda mashua. Ukienda siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, na alasiri, wakati unaotaka kukaa ufukweni, yanashuka.

Kati ya bamvu mbili za mwezi, chagua ya mwezi mwandamo. Pweza huvuliwa bamvu zote mbili kwa kuwa ndipo mwamba unapobaki wazi, lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wa dagaa hawatoki. Mwezi mwandamo unakupa vyote viwili. Isipokuwa mwezi huo ukiwa ni wa Ramadhani. Mji ni wa Waislamu, mama lishe hufunga mchana, na si uungwana kutafuna barabarani wenyeji wakiwa wamefunga. Sikukuu ya Idd ina raha yake, ila weka chumba mapema.

Miezi gani

Kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Juni hadi Agosti ni kukavu na kuna ubaridi mzuri, lakini upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari nje ya ghuba huchafuka, kwa hiyo safari za boti huahirishwa. Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba ndiyo dirisha bora: kusi imelegea, mvua haijaanza. Baada ya hapo msimu wa korosho unapamba moto, na vyumba vya Mtwara mjini hugombewa na wanunuzi na madereva wa malori.

Usipange safari ya barabara mwezi wa Aprili au mwanzoni mwa Mei kama una tarehe ya lazima ya kurudi kazini. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mito ya pale hufurika haraka, na hakuna njia fupi ya kuzunguka.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 550 na kitu, basi huchukua saa nane hadi kumi. Panda la alfajiri ili ufike kabla ya giza. Kaa upande wa kushoto: jua la asubuhi litakupiga kidogo, lakini lile kali la mchana na alasiri litakuwa upande wa pili. Mabasi ya kusini hupita Mbagala, hivyo anayeishi huko hana haja ya kurudi mjini, mradi akate tiketi mapema na aandikiwe kituo cha kupandia.

Konda mwambie “Mikindani” unapopanda, kisha mkumbushe mkifika Mnazi Mmoja ya Lindi (si ile ya Dar es Salaam), pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Usipomkumbusha utashushwa Mtwara stendi na kulipia daladala au bajaji kurudi ulikopita. Kwa ndege, unatua Mtwara baada ya kama saa moja kutoka Dar es Salaam. Ukishatua, pitia mjini kwanza utoe fedha benki, kisha ndipo uende Mikindani. Beba noti ndogo, kwani mwenye mtumbwi au muuza ming'oko, viazi vya porini, hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Chumba

Uamuzi ni kati ya kulala juu au chini. Juu kuna Boma, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1895 ambayo ilikarabatiwa na kufanywa hoteli. Kuna upepo na unaiona ghuba yote, lakini bei ni ya juu. Chini, karibu na maji, kuna nyumba za wageni zilizo nafuu, na sauti za mji unazipata zote, kuanzia adhana ya alfajiri. Piga simu wewe mwenyewe kabla ya kutuma fedha, uulize haya: chandarua kipo na hakijatoboka? Maji ya bomba yanatoka kila siku au kuna tangi? Umeme ukikatika kuna jenereta? Dirisha linaelekea wapi? Swali la mwisho wengi huliacha. Chumba kisichopata upepo wa bahari, kikawa na kuta nene za mawe zilizopigwa na jua mchana kutwa, hubaki na joto hadi usiku wa manane.

Malaria pwani ya kusini ipo mwaka mzima. Lala ndani ya chandarua hata kama feni inazunguka. Hospitali ya Ligula iko Mtwara mjini.

Kuutembea mji

Hii ndiyo kazi ya asubuhi ya kwanza, na inataka saa mbili hadi tatu. Toka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado limelala kwenye kuta. Tafuta kijana wa mtaani anayejua mji na mpatane bei kabla hamjaondoka. Ukiwa naye milango hufunguka na wazee huzungumza. Peke yako utaonekana mtu anayechungulia nyumba za watu.

Anzia ufukweni, panda kidogo kidogo. Nyumba kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukiingia ndani utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti: mkoko hauvuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu bila kupinda, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Tazama juu ya milango. Ile ya nakshi yenye kizingiti cha mraba na ile yenye upinde wa nusu duara haitoki mkono mmoja. Upinde ni athari ya Wahindi, na ndio hao wafanyabiashara waliojenga roshani za mbao zilizotobolewa maua ghorofani.

Nyumba moja ina kibao cha David Livingstone, aliyeanzia ghuba hii safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866. Chini ya Boma kuna jengo linaloitwa soko la watumwa. Simama hapo kwa adabu. Pembe na watu vilitoka bara kwa miguu kuja kupakiwa majahazini, na ukoo wa waliopitia hayo ungali kusini hii hii.

Utakuta pia magofu, na ni vizuri kuelewa yanavyokufa. Paa likishaondoka, mvua huiosha chokaa kati ya mawe, halafu mizizi ya miti huingia na kupanua nyufa. Ukarabati wa saruji nao huharibu: saruji haipumui kama chokaa, unyevu na chumvi hubaki ndani na jiwe humomonyoka nyuma ya plasta iliyo nzima. Kwa hiyo usipande ghorofa ya gofu hata kama ngazi ziko imara. Boriti iliyoliwa na mchwa huonekana nzima kwa nje.

Mji ulipungua kwa sababu ya maji vilevile. Ghuba ilifaa majahazi, si meli kubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na shughuli zikahamia huko. Ukitaka kuiona sura nzima ya ghuba, panda kilima cha Bismarck nyuma ya Boma saa kumi na moja jioni, shuka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mwezi mwandamo hakuna mbalamwezi, hivyo tochi ni lazima.

Chakula na maji ya kuoga

Agiza chakula cha usiku asubuhi. Samaki hununuliwa ufukweni siku hiyo hiyo, na pweza wa nazi huchukua muda kulainika. Ukifika saa mbili usiku bila taarifa utapewa chipsi mayai. Kwa asubuhi ulizia ming'oko ya kuchemsha, ambayo nje ya kusini huipati kirahisi.

Kuoga ni maji yakiwa yamejaa, na vaa viatu vya mpira, kwani chini kuna kombe zinazokata na nungu wa bahari. Mkiwa na mashua, mrudi kabla maji hayajashuka nusu. Ghuba haina kina, na mkikwama mtasubiri saa kadhaa juani.

Siku ya tatu ni ya Msimbati, kilomita 40 na kitu kutoka Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipia kiingilio kwa namba ya malipo kabla ya kwenda. Njia ina mchanga mwingi: kodi gari linalovuta magurudumu yote manne, dereva apunguze upepo wa matairi akifika kwenye mchanga mzito. Gari dogo hunasa. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu na kitambulisho, maana ni karibu na mpaka wa Msumbiji. Ulizia hali ya usalama siku moja kabla. Mitambo ya gesi ya Madimba usiipige picha. Asiye na gari aende Msanga Mkuu kwa feri ya Mtwara, ni karibu na ni rahisi.

Kurudi Dar es Salaam, kata tiketi Mtwara mjini siku moja kabla na uandikiwe “kupanda Mikindani”. Mabasi huondoka Mtwara alfajiri sana na mengi hupita yakiwa yamejaa, kwa hiyo uwe barabarani na mzigo wako nusu saa kabla ya muda uliotajiwa.