Mara ya kwanza mgahawani Moscow: anza na sindano na uzi

Kila Septemba vijana wapya wakishafika kusoma, mimi ndiye huwapeleka kula nje kwa mara ya kwanza. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Pesa na saa. Beba rubo taslimu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huku tangu Machi 2022. Nenda siku ya kazi, kati ya saa sita na saa kumi mchana, uulizie "biznes lanch": saladi, supu, chakula chenyewe na kinywaji kwa bei moja. Jioni utajuta.

Hatua ya 2: Koti. Wakati wa baridi hukai mezani na koti. Karibu na mlango kuna garderob. Unalikabidhi, unapewa kibati chenye namba. Mimi sikujua, nikalitundika kwenye kiti. Mama mmoja mtu mzima akanifuata hadi mezani, akalichukua, akapindua kola kutafuta kitanzi cha kutundikia. Kilikuwa kimekatika. Alinisema mpaka basi! Kirusi chenyewe sikukielewa, ila sauti ile hata nyumbani ninayo. Kwa hiyo kagua kitanzi kabla hujatoka.

Hatua ya 3: Menyu. Kila chakula kimeandikiwa gramu. Ukiona 250/50, chakula ni gramu 250 na sosi yake 50. Angalia vizuri samaki na nyama za kuchoma, maana mara nyingine bei iliyoandikwa ni ya gramu 100 tu. Hapo ndipo wengi hulizwa.

Hatua ya 4: Nyama. Kama huli kitimoto, sema "bez svininy" mapema. Pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, aghalabu huchanganya ng'ombe na nguruwe, na supu ya solyanka hujaa soseji. Govyadina ni ng'ombe, baranina ni kondoo, kuritsa ni kuku. Kvas nayo, kinywaji cha mkate mweusi, ina kilevi kidogo. Asiyetaka aagize mors, maji ya matunda madogo ya porini.

Hatua ya 5: Supu. Anza na borsch, usibishane. Inakuja nyekundu ya bitiruti, ina kabichi na nyama, juu kijiko cha smetana, ile krimu nzito iliyochacha kidogo. Usiikoroge yote mara moja. Onja kwanza pembeni, kisha iache iyeyuke mpaka supu igeuke waridi. Utamu na uchachu vinapokutana ndipo utaelewa. Majani membamba yanayoelea ni shibiti. Yazoee, huku huwekwa kila mahali. Pilipili usiitafute, omba haradali upake kwenye mkate mweusi. Kidogo tu! Inapanda puani kabla hujameza.

Baada ya hapo kula unachopenda, ila kholodets, nyama iliyogandishwa kwenye mchuzi wake baridi, iache kwa siku nyingine.

Hatua ya 6: Bili. Sema "schyot, pozhaluysta". Ukihudumiwa vizuri, acha kama asilimia 10. Warusi huiita "na chay", yaani ya chai. Hiyo haihitaji mkalimani.

Kisha rudisha kibati, na mama akikuletea koti, mwoneshe kitanzi.