Pedi ya gemu haionekani kwenye simu? Shikilia vitufe viwili

Ukitaka kucheza gemu za simu kwa pedi ya PlayStation isiyo na waya, usibonyeze kitufe cha PS peke yake. Ukifanya hivyo, pedi inakwenda kuitafuta konsoli yake na simu haiioni kabisa. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani pedi imeharibika, na inasikitisha kwa sababu ni nzima. Izime kwanza, kisha, kwa pedi ya PS4, shikilia PS pamoja na Share mpaka taa ianze kuwaka na kuzima harakaharaka. Kwa pedi ya PS5, badala ya Share ni Create. Sasa fungua Bluetooth ya simu, utaikuta kwenye orodha.

Pedi ya Xbox ina kitufe kidogo cha kuunganishia, upande wa juu. Ila zile za Xbox One zilizotoka kabla ya 2016 hazina Bluetooth, usihangaike nazo. iPhone inahitaji iOS 13 kwenda juu, na kwa pedi ya PS5 iOS 14.5.

Halafu si kila gemu inapokea pedi. Call of Duty: Mobile inapokea, lakini lazima uiruhusu kwenye mipangilio ya gemu yenyewe.