Kabla ya kuchora kituo cha sanaa Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, Dodoma inajengwa kila upande, na vikundi vya sanaa navyo vinataka mahali pa mazoezi pasipo kuazima darasa la shule. Wanaopanga kujenga kituo cha jamii wasianze na msanifu majengo. Waanze kwa kusikiliza.

Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wana muheme, ngoma ya akina mama inayovuma mbali. Wana pia zeze la nyuzi na ilimba ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambazo sauti yake ni ndogo na hutaka utulivu. Ukumbi mmoja wa kuta tupu za saruji utawaharibia wote: ngoma itarudisha mwangwi, zeze litamezwa, na mvua ikilipiga bati lisilo na dari hasikiki mtu. Mimi ningegawa: uwanja wa wazi kwa ngoma, na chumba kidogo chenye dari na mapazia mazito kwa zeze na waimbaji.

Uwanja huo utatumika sana, maana mvua huku huja msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Shida ni vumbi, upepo na jua. Miti ipandwe mapema, hata kabla ya msingi kuchimbwa. Watazamaji wasielekezwe magharibi. Maonyesho mengi huanza alasiri na jua litawachoma machoni.

Makuti yanapendeza kwenye picha, ila ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002. Bati lenye dari nzuri linatosha. Stoo ya ala iinuliwe kutoka ardhini kwa sababu ya mchwa, na mlango wake upitishe ngoma kubwa bila kuilaza.

Kiwanja? Hakikisheni matumizi yake kwenye ramani ya mipango miji, kisha hati, kisha kibali cha ujenzi. Wanaotanguliza tofali ndio huamka na X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Majirani nao waulizwe mapema kuhusu kelele za usiku.

Kabla ya bei ya saruji, pigeni hesabu ya miaka mitatu ya umeme wa LUKU, maji, mlinzi na usafi, na mtaje kwa jina nani atalipa. Hesabu ikigoma, kodini ghala kwanza. GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi, nacho kilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la eneo la viwanda.