Kufunga supachaja ya mtumba kwenye Corolla ya 4A-FE

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na gari limejaa, injini ya 4A-FE ya cc 1,587 huchoka kabla hujafika Soni. Supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda, inatibu hilo, na hapa Tanga unaweza kuifunga kwa msaada wa mchomeleaji na mkereza vyuma. Utakachounda mwenyewe ni breketi, puli na mabomba. Rota, yaani vyuma vinavyozunguka ndani ya supachaja, usijaribu kuchonga, nunua zilizotoka kiwandani.

Feni za umeme za kuongeza nguvu achana nazo. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, injini hii humeza hewa lita 4,700 hivi kila dakika. Kuisukuma hewa hiyo kwa psi 4 tu (psi ni kipimo cha presha) kunataka kama kilowati 4, yaani zaidi ya ampea 300 kwenye volti 12. Alteneta gani italisha hiyo?

Hatua ya 1: Kompresheni. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga starta. Rudia kwa kila silinda. Silinda ikiwa chini ya psi 142, au zikipishana zaidi ya psi 14, hela ya supachaja ipeleke kwenye ringi za pistoni kwanza.

Hatua ya 2: Supachaja. Tafuta Eaton M45 ya Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006. Zungusha puli kwa mkono. Ikikwaruza popote, iache dukani. Ina oili yake ya gia, tofauti na ya injini, ibadilishe.

Hatua ya 3: Puli. M45 husukuma lita 0.74 kila mzunguko, injini humeza 0.79 kwa mzunguko wa kranki. Puli ya kranki ikiwa mm 140 na ya supachaja mm 100, supachaja itasukuma lita 1.04 kwa kila mzunguko wa kranki. Hapo utapata psi 4 hadi 5, inatosha. Uwiano wa kompresheni wa 9.5 kwa 1 pamoja na joto la pwani havitaki tamaa.

Hatua ya 4: Breketi na mkanda. Kata bamba la chuma la mm 10, ulishikize kwenye bloku. Laza rula ndefu kwenye nyuso za puli. Ikiacha mwanya hata wa milimita moja, mkanda utaliwa. Tumia wa mifereji sita na roli ya kuukaza.

Hatua ya 5: Mabomba. Hewa ipite eya klina, throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta), supachaja, kisha manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Weka bomba la pembeni lenye valvu, ili ukiachia pedali ya mafuta, hewa irudi kwenye mdomo wa supachaja. Mpira wa busta ya breki ubaki kwenye manifoldi. Chomoa valvu yake ya njia moja uipulize kwa mdomo pande zote mbili: hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita kote, usiwashe gari, maana presha itaingia kwenye busta na breki itakuwa ngumu.

Hatua ya 6: Mafuta na moto. Hapa ndipo injini inapona au inakufa, na ndipo wengi wanabana pesa. Corolla nyingi za injini hii hupima hewa kwa sensa ya MAP (ya presha ya manifoldi), ambayo haikutengenezwa kusoma presha ya supachaja. Unasukuma hewa zaidi, kontroboksi (kompyuta ya injini) inaendelea kutoa mafuta yaleyale. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, injini inagonga, pistoni zinatoboka.

Dawa ya kweli ni kontroboksi ya kuseti mwenyewe, sensa ya MAP ya bar 2 na injekta kubwa zaidi. Mimi nakushauri ununue hivi kabla hata ya supachaja. Funga na geji ya waidibendi, inayopima uwiano wa hewa kwa petroli: ukikanyaga hadi mwisho isome karibu 12. Ikipita 13, achia mguu papo hapo. Taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) irudishe nyuma pale presha inapopanda, na weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa itagonga hata useti vipi, kwa hiyo jaza kituo unachokiamini.

Hatua ya 7: Majaribio. Mtu wa pili asome geji, wewe tazama barabara. Baada ya mlima wa kwanza toa plagi, angalia kauri nyeupe juani. Ukiona vidoa vidogo vya aluminiamu vinavyometameta, pistoni zimeanza kuyeyuka: usiendeshe tena kabla ya kuongeza mafuta na kupunguza taimingi. Kauri ikiwa safi, kaza mkanda upya baada ya kilomita 100.